Jinsi ya kuiona dhoruba ya sumaku ikiyumbisha elektrojeti ya ikweta

Kila mchana, kilomita 105 hivi juu ya Ethiopia, mkondo mkubwa wa umeme hutiririka kuelekea mashariki. Ndiyo elektrojeti ya ikweta. Iko huko, wala si juu ya Nairobi, kwa sababu hufuata ikweta ya sumaku, mahali ambapo mistari ya uga wa sumaku imelala sambamba na ardhi. Dhoruba ya sumaku, yaani mtikisiko wa uga wa sumaku wa dunia unaoletwa na upepo wa jua (chembe zenye umeme zinazotoka juani), huweza kuuongeza mkondo huo, kuupunguza, hata kuugeuza uende magharibi.

Ili kuupima unahitaji vituo viwili vinavyopima uga wa sumaku. Cha kwanza ni Addis Ababa (AAE), ambacho data zake za kila dakika hupatikana bure INTERMAGNET, mtandao wa kimataifa wa vituo vya aina hiyo. Cha pili kiwe kwenye longitudo karibu ile ile, lakini mbali na ikweta ya sumaku kwa nyuzi 5 hadi 9. Adigrat, kaskazini mwa Ethiopia, cha mtandao wa vipima-sumaku wa AMBER, kinafaa kikiwa na data za siku unayoitaka. Kituo kimoja hakitoshi: wakati wa dhoruba, mkondo wa mzingo unaoizunguka dunia hushusha usomaji wa vituo vyote viwili, nawe utadhani elektrojeti imekufa.

Anza kwa kufuta kila 99999.00; hiyo si namba, ni alama ya data iliyokosekana. Unachohitaji ni H, nguvu ya uga kwa upande wa mlalo. Faili likiwa na X (upande wa kaskazini) na Y (upande wa mashariki), tafuta H kwa kipeuo cha pili cha X² + Y². Kisha chukua wastani wa H wa saa 20:30 hadi 23:30 UT (saa za dunia), yaani karibu na usiku wa manane wa huko, uutoe kwenye siku nzima. Fanya hivyo kwa kila kituo, halafu toa Adigrat kwenye Addis Ababa. Kinachobaki, kwa nanotesla (kipimo cha uga wa sumaku), ndicho elektrojeti.

Angalia saa zako! 09:00 UT ni saa sita mchana Afrika Mashariki, si saa tisa. Wengi huteleza hapo.

Sasa linganisha na wastani wa siku 5 tulivu za mwezi huo. Orodha yake hutolewa na GFZ Potsdam, kituo cha utafiti wa dunia cha Ujerumani. Bz, yaani sehemu ya uga wa sumaku wa upepo wa jua inayoelekea kaskazini au kusini, ikigeukia kusini mchana, mkondo hupanda ndani ya dakika chache. Ikirudi kaskazini ghafla, huweza kuporomoka chini ya sifuri. Saa kadhaa baadaye, hata siku ya pili, hewa iliyopashwa joto karibu na ncha za dunia huleta pepo zinazoudhoofisha mkondo taratibu. Bz utaipata kwenye data za OMNI za NASA; saa zake zimeshasogezwa hadi karibu na dunia, kwa hiyo usiongeze tena dakika 50 za safari ya upepo huo kutoka chombo cha angani.

Dhoruba ya 10 Mei 2024 ilianza kama saa 17:00 UT, Ethiopia jua limeshazama na elektrojeti haipo. Kwa hiyo chora grafu ya tarehe 11. Tena usiilaumu dhoruba kwa kila mkondo uliogeuka alasiri: hata siku tulivu hugeuka.