Somo: Kusimamisha utekelezaji wa hukumu dhidi ya kaunti rufaa ikisubiriwa

Wanachama, habari za leo. Swali hili limekuwa likirudi: mtu ameishinda kaunti mahakamani, hata hajapumua, analetewa karatasi za stei, yaani ombi la kusimamisha utekelezaji wa hukumu. Afanyeje? Upande wa pili wako vijana wetu walio katika afisi za mawakili na za sheria za kaunti, wanaoambiwa "tafuta stei leo leo" na hawajui waanzie wapi. Somo hili ni la pande zote mbili. Hatua ni zile zile. Anayeomba anazipanda, anayepinga anazikagua.

Mshike jambo moja kabla ya mengine: kukata rufaa hakusimamishi hukumu. Oda ya 42, kanuni ya 6, ya Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za Kenya za 2010 inasema hivyo waziwazi. Stei huombwa, na anayeiomba lazima aonyeshe sababu, awe kaunti au muuza samaki wa Likoni.

Hatua ya kwanza: soma hukumu imeamuru nini

Nenda moja kwa moja kwenye kurasa za mwisho. Je, kaunti imeamriwa kulipa pesa? Imeamriwa kufanya jambo au kuacha kulifanya? Au ni kaunti iliyokuwa imeomba kitu na ombi likatupwa? Kama ombi limetupwa tu, hakuna cha kusimamisha, kwa sababu mahakama haikumwamuru mtu afanye chochote. Msimamo huo ni wa tangu kesi ya Western College dhidi ya Oranga, 1976, na bado kuna maombi yanayoangukia hapo hapo.

Kama ni pesa, elewa jinsi kaunti inavyodaiwa. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Kesi za Serikali, Sura ya 40, kinazuia mali ya serikali kukamatwa, na kinazihusu serikali za kaunti pia. Kwa hiyo mshindi haanzi na dalali wa kukamata mali. Anangoja siku 21 tangu amri itolewe, au gharama za kesi zikadiriwe kama hilo ndilo la baadaye, kisha anaomba cheti cha amri dhidi ya serikali na kukikabidhi kaunti. Isipolipa, anakwenda Mahakama Kuu kuomba mandamasi, yaani amri ya kumlazimisha afisa husika atimize wajibu wake wa kulipa. Afisa akiipuuza, anaitwa aeleze kwa nini asiadhibiwe kwa kudharau mahakama, na hapo ni yeye mwenyewe anayeweza kwenda jela.

Kifungu hicho hicho kinaipa mahakama iliyotoa amri, au ile ya rufaa, uwezo wa kuagiza malipo yote au sehemu yake yasitishwe rufaa ikisubiriwa. Kama cheti hakijatolewa, agizo hilo linaweza kuandikwa ndani yake. Vijana wa afisi za kaunti, kitajeni kifungu hiki pamoja na Oda ya 42.

Hatua ya pili: linda rufaa yenyewe

Stei bila rufaa haisimami. Hukumu ikiwa ya hakimu, rufaa inakwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Ikiwa ya Mahakama Kuu, notisi ya rufaa inawekwa ndani ya siku 14 na kukabidhiwa upande wa pili ndani ya siku 7 baada ya kuwekwa. Kumbukumbu kamili ya rufaa, yaani kitabu chenye karatasi zote za kesi, inafuata ndani ya siku 60 tangu notisi iwekwe.

Mwenendo wa kesi uliochapwa huchelewa, sote tunajua. Andika barua ya kuuomba ndani ya siku 30 tangu hukumu na umpe nakala mpinzani wako. Barua hiyo ndiyo itakayomwezesha msajili kukupa cheti cha kuondoa siku ulizosubiri. Bila hiyo, siku zote zinahesabika juu yako.

Hatua ya tatu: omba papo hapo

Hukumu ikishasomwa tu, wakili anaweza kuomba stei kwa mdomo. Kanuni inaruhusu. Mara nyingi jaji hutoa muda mfupi, kisha unaleta ombi rasmi. Aliyeshinda naye asinyamaze: hapo hapo omba muda uwe na mwisho unaojulikana.

Hatua ya nne: ombi rasmi na hati ya kiapo

Ombi huwekwa kwa njia ya mtandao, likiwa na hati ya dharura kama jambo ni la haraka. Mambo matatu yanapimwa: hasara kubwa, kutochelewa bila sababu, na dhamana. Hasara kubwa ndiyo nguzo, na Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo katika kesi ya Kenya Shell dhidi ya Kibiru, 1986.

Hapa ndipo maombi mengi hufa. Hati inaandikwa: "Kwamba kaunti itapata hasara kubwa isiyofidika." Imeishia hapo. Hasara gani? Nani amesema?

Tuseme kaunti imeamriwa kumlipa mwenye vibanda vilivyovunjwa karibu na soko la Kongowea shilingi 6,000,000. Hati yenye uzito ingesema hivi: "Mdai aliiambia mahakama kwamba vibanda ndivyo vilivyokuwa pato lake pekee, ukurasa wa ushahidi wake umeambatanishwa, alama A. Malipo haya yangetolewa katika fungu la usafi wa masoko. Makadirio yameambatanishwa, alama B. Rufaa ikifaulu, hatujui mali atakayotumia kurudisha fedha hizo." Sasa jaji ana kitu cha kushika. Na anayeapa awe mtu anayeyajua mambo hayo, kama afisa mkuu wa fedha. Wakili asiape juu ya mambo yanayobishaniwa.

Lakini niseme ninaloliamini. Mtu amevunjiwa biashara, amefilisika kwa sababu hiyo, kisha ufukara huo huo unatumiwa kumnyima fidia aliyopewa. Ni jambo zito. Kaunti inayotaka stei kwa haki ijitolee kulipa sehemu sasa, au iweke fedha kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande mbili yenye kuzaa riba. Majaji hutoa masharti ya aina hii, na ombi linalokuja nayo tayari husikilizwa kwa sikio jingine.

Kuhusu kuchelewa, hakuna idadi ya siku iliyoandikwa. Ukikaa miezi kimya ukaja mbio baada ya kukabidhiwa cheti, eleza kila mwezi ulikuwa wapi.

Hatua ya tano: dhamana

Kanuni ya 8 ya Oda ya 42 inasema serikali haitatakiwa dhamana, na mawakili wa kaunti huishika kwa mikono miwili. Haiondoi lakini mzigo wa kuonyesha hasara. Ukiwa mpinzani, elekeza nguvu huko badala ya kupoteza muda wote kwenye dhamana.

Hatua ya sita: Mahakama ya Rufaa

Mahakama Kuu ikikataa, mlango haujafungwa. Mahakama ya Rufaa, inayoketi Mombasa pia, husikiliza ombi jipya chini ya kanuni ya 5(2)(b) ya Kanuni za Mahakama hiyo. Vipimo vyake ni tofauti: je, rufaa ina hoja inayostahili kusikilizwa, hata kama ni moja? Na je, bila stei, rufaa ikishinda itakuwa imebaki karatasi tupu? Lazima yote mawili yaonekane. Malipo ya pesa huwa magumu kwenye kipimo cha pili, kwa sababu pesa hurudishika. Nyumba iliyobomolewa au ardhi iliyohamishwa jina ni hadithi nyingine.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Kisauni: Kaunti imeapa kwamba mimi sina uwezo wa kurudisha pesa. Nitajibuje? Sina jumba wala gari.*

Ndugu yangu, usikasirike ukaliacha bila jibu. Hilo ndilo kosa linaloumiza. Katika NIC Bank dhidi ya Wasike, 2006, mahakama ilisema mwombaji akieleza hofu yake kwa msingi unaoeleweka, ni wewe unayejua mali zako, kwa hiyo mzigo wa kuzionyesha unakuja kwako. Andika hati ya majibu: taarifa za benki, za Sacco, leseni ya biashara, karatasi ya shamba kama lipo. Kama hakuna kabisa, pendekeza ulipwe nusu na nusu iwekwe akaunti ya pamoja.

*Mwanachama, Changamwe: Hukumu yangu ni dhidi ya ile Manispaa ya zamani. Kaunti inaniambia haikuwepo.*

Jedwali la Sita la Katiba, kifungu cha 33, linaifanya taasisi mpya kuwa mrithi kisheria wa ile iliyolingana nayo. Lakini angalia tarehe ya hukumu leo hii, mzee wangu. Sheria ya Ukomo wa Madai inaipa hukumu miaka 12. Usiache mazungumzo ya "njoo wiki ijayo" yakaimaliza.

*Mwanachama, Likoni: Karatasi zote ni za Kiingereza. Wakili aliniambia nitie saini tu.*

Mama, usitie. Lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa ni Kiingereza kwa mujibu wa Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, ndiyo maana hati zimeandikwa hivyo. Lakini kiapo ni chako. Una haki ya kusomewa na kufasiriwa kila aya kabla ya kuapa mbele ya kamishna wa viapo, na hati iseme kwamba ulifasiriwa. Aya usiyoikubali ikatwe au irekebishwe. Utakayeulizwa mahakamani ni wewe.

*Mwanachama, Mvita: Mimi niko afisi ya kaunti. Tumepewa stei ya siku 45 kwa sharti la kuweka nusu ya pesa. Fedha hazijatoka na siku zinakwisha.*

Kijana wangu, rudini mahakamani kabla ya siku ya mwisho, mkaombe muda mkiwa na barua ya idara ya fedha inayoonyesha malipo yamefika wapi. Sharti likipita bila kutimizwa, mara nyingi amri yenyewe huwa imeandikwa kwamba stei itaanguka bila kusubiri mtu. Isome tena neno kwa neno.

*Mwanachama, Bamburi: Stei wameipata mwaka juzi, rufaa hawaiendeshi. Nikae tu?*

Hapana, dada. Kwenye rufaa ya Mahakama Kuu unaweza kuomba itupwe kwa kutoendeshwa. Kwenye Mahakama ya Rufaa, kama walitoa notisi tu na muda wa kuweka kumbukumbu umepita, kanuni zinaruhusu notisi ihesabiwe kuwa imeondolewa. Anza sijala, yaani afisi ya mahakama inayotunza majalada: uliza kama kumbukumbu imewekwa na kama msajili alitoa cheti cha muda. Ukishapata jibu kwa maandishi, ombi lako limeshapata mguu, na stei inaombewa kuondolewa hapo hapo.