Kumpata mwanamuziki anayepiga moja kwa moja ndani ya Second Life

Second Life, ulimwengu wa mtandaoni wa kampuni ya Linden Lab ambamo kila mtu huingia kwa avata (mwili wake wa kidijitali), iko hewani tangu 2003, na maonyesho hayakosekani. Kazi ni kuchambua: nani ana maikrofoni mbele yake sasa hivi, nani ni DJ, na nani ni avata anayechezeshwa juu ya wimbo uliorekodiwa zamani. Hapa tunachukulia una akaunti (ya bure inatosha) na programu ya kuingilia, iwe ya Linden Lab yenyewe au Firestorm.

1. Panga saa kwanza. Ratiba huandikwa kwa SLT, ambayo ni saa ya California: UTC (saa ya kimataifa) ukitoa 8, au 7 kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba. Onyesho la 13:00 SLT ni 21:00 UTC mwezi Januari, lakini 20:00 UTC mwezi Julai. Kwa kawaida mwanamuziki hupiga kwa muda wa saa moja tu, hivyo ukikosea kwa saa moja umekosa onyesho zima.

2. Tafuta. Bonyeza Ctrl+F, nenda Events, kisha chagua Live Music. Orodha ikiwa fupi mno, kagua mipangilio yako: anayeruhusu maudhui ya General (kiwango cha watu wote) peke yake haonyeshwi kumbi za Moderate (kiwango kinachofuata), nazo ni nyingi. Soma tangazo lenyewe. Zuri hutaja jina la mwanamuziki, ala anazopiga na aina ya muziki. Likiandika tribute, mara nyingi ni avata wanaoigiza bendi maarufu juu ya rekodi. Burudani ipo, ila sicho unachokitafuta.

3. Ingia mapema, ukiwa mwepesi. Eneo likijaa, mlango hufungwa. Fika dakika 10 kabla, vua mapambo yenye skripti (programu ndogondogo) nyingi, na shusha umbali wa kuona hadi mita 64. Ukumbi hauhitaji zaidi.

4. Washa muziki. Bonyeza kitufe cha kucheza kilicho juu kulia. Kukiwa kimya, fungua mipangilio kwa Ctrl+P uangalie kama sauti ya Streaming Music haijashushwa hadi sifuri.

Inafaa kujua sauti inatoka wapi, kwa sababu matatizo mengi huanzia hapo. Mwanamuziki hutuma sauti kutoka kwake kwenda kwenye seva ya Shoutcast au Icecast, na mwenye ukumbi huweka anwani ya seva hiyo kwenye kiwanja chake. Programu yako huivuta sauti moja kwa moja kutoka huko. Kwa hiyo avata wanaweza kugandaganda huku muziki ukienda vizuri kabisa. Ukivuka mpaka wa kiwanja, hata kwa hatua mbili, muziki hukatika. Na wanamuziki wanapobadilishana zamu, anwani nayo hubadilishwa: ukiendelea kusikia muziki wa aliyetangulia au kimya kitupu, zima kisha washa tena.

5. Hakikisha anapiga kweli. Sauti hukufikia ikiwa imechelewa, mara nyingi sekunde 10 hadi 30, ilhali maandishi hufika papo hapo. Msalimu kwa maandishi wimbo unapokwisha, kisha subiri. Akitaja jina lako kwa sauti, shaka imekwisha. Asipotaja, usimhukumu, wengine hawasomi maandishi wakiwa na gitaa mikononi. Sikiliza basi: anaweka nyuzi sawa kati ya nyimbo? Pumzi inasikika? Anaanza wimbo vibaya na kurudia? Muziki wa kusindikiza uliorekodiwa si udanganyifu, mradi sauti ya mwimbaji ni ya wakati huo. Cha kutilia shaka ni nyimbo nne mfululizo safi kama za redioni, bila neno hata moja katikati.

Kwa sababu hiyo hiyo ya ucheleweshaji, usishangae ukimwona anashukuru kwa makofi ya wimbo uliopita.

6. Mtunze kwa pesa. Bofya kulia kwenye chombo cha kutunzia, chagua Pay. Huwa viwili, cha mwanamuziki na cha ukumbi, kwa hiyo soma jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha. Dola moja ya Marekani ni takriban L$250 (L$ ni Linden Dollar, pesa ya ndani ya Second Life), hivyo L$100 si mzigo mkubwa.

7. Mfuate yeye, si ukumbi. Kuhifadhi alama ya mahali hakukusaidii sana: kesho jukwaa hilo lina mtu mwingine, na kumbi hufungwa kodi ya ardhi ikishindikana. Bofya kulia juu ya avata wake, fungua wasifu, tafuta kundi la mashabiki na kiungo cha kalenda yake. Jiunge na kundi akiwa bado jukwaani, kwa kuwa baada ya onyesho huondoka haraka kwenda ukumbi mwingine. Mara nyingi taarifa za kundi huja na alama ya mahali anapopiga. Ifungue, uhamie huko.