Obeche: mbao nyepesi inayotaka makali na gundi

Wanaijeria huiita obeche, Ghana ni wawa, Kameruni ni ayous. Mti ni mmoja, Triplochiton scleroxylon. Kitaalamu ni mbao ngumu, yaani ya mti wa majani mapana, lakini hilo ni jina la ukoo tu, maana ukucha wa kidole gumba huacha alama. Ikikauka, mita moja ya ujazo ina kilo 380 hivi.

Huanza kuharibika mapema. Gogo likilazwa siku chache kwenye joto, ukungu wa bluu huingia ndani na randa haiutoi. Lipasue upesi, kisha panga mbao kivulini penye upepo, ukizitenganisha kwa vijiti vya milimita 25 kila sentimita 60. Hukauka haraka na kwa kawaida haipindi sana. Ukiona vitundu vya milimita 1 au 2 na unga laini chini yake, tayari wadudu wameifuata kwa wanga wake. Dawa ya boroni hufaa zaidi mbao ikiwa bado mbichi.

Kwenye meza ya fundi, kosa kubwa ni makali butu. Hayakati, yanaponda: ukiichonga ncha ya mbao kwa patasi isiyonolewa, nyuzi hunyofoka na kuacha vishimo kama mkate uliokatwa ungali moto. Noa, kisha toa maganda membamba. Unapotoboa, weka kipande cha mbao chakavu nyuma.

Misumari huingia bila taabu na kutoka vivyo hivyo. Tegemea gundi. Ncha hufyonza, basi paka mkono wa kwanza mwembamba, subiri dakika chache, paka wa pili ndipo uunge. Jiriwa isikazwe moja kwa moja juu ya mbao, itaacha shimo. Kwa skrubu ya milimita 4, tangulia na tundu la milimita 2, na uchague skrubu ndefu.

Vinyweleo vyake ni vikubwa, hivyo vizibe kabla ya vanishi.

Inafaa fremu za picha, droo, urembo wa kuta, na hasa viti vya sauna, kwa kuwa haipitishi joto upesi wala haitoi utomvu. Usiipeleke nje wala kugusana na udongo: huoza haraka, na mchwa huipenda. Ngazi na meza ya kukatia, sahau. Vumbi lake huwaletea baadhi ya watu pumu, kwa hiyo vaa barakoa hata unapopiga msasa kidogo.