Kupiga vakyumu kwenye AC: pampu inavyofanya kazi, na namna ya kuitumia

Mafundi wengi hudhani pampu ya vakyumu, ile inayofyonza vilivyomo ndani ya mabomba ya AC kabla ya kufungulia gesi, kazi yake ni kutoa hewa tu. Hewa hutoka ndani ya dakika chache. Kinachoua kompresa (mashine inayosukuma gesi ndani ya AC) ni maji. Huku pwani, bomba la shaba likilala wazi usiku mmoja, unyevu umeshaingia. Ukikutana na oili ya AC zinazotumia gesi za R410A au R32 huzaa asidi, na asidi hiyo hula waya za mota.

Maji hayo hayavutwi yakiwa maji. Ni lazima yachemke yawe mvuke. Kwa nyuzi 25 yanaanza kuchemka mgandamizo ukishuka hadi mikroni 24,000 hivi (mikroni ni kipimo cha mgandamizo; hewa ya kawaida ni mikroni 760,000). Sisi tunakwenda chini zaidi, hadi 500, ili yasibaki.

Hatua ya 1: tazama oili kabla ya kuwasha pampu. Ndani ya pampu kuna silinda, na rota iliyokaa upande mmoja, si katikati. Rota ina vibao bapa vinavyochomoka na kukwangua ukuta wa silinda inapozunguka. Upande wa kuingilia nafasi inatanuka, hewa inavutwa. Upande wa kutokea nafasi inabanwa, hewa inasukumwa nje kupitia vali. Kompresa nyingi za AC ndogo zina mpango unaofanana na huo, ila zimeundwa kusukuma. Kati ya kibao na ukuta kuna mwanya mwembamba sana, na kinachouziba ni oili. Pampu ya hatua mbili ina vyumba viwili, cha kwanza kinakitemea cha pili, ndiyo maana inafika chini zaidi.

Siku moja nilikaa saa nzima geji imeganda kwenye mikroni 3,000. Nilikaza nati zote, nikapaka povu la sabuni kila kiungo, sikuona kitu. Mwisho nikainama kwenye kioo cha pampu: oili nyeupe kama tui la nazi. Ilikuwa imejaa maji. Nikaimwaga pampu ikiwa bado ya moto, nikatia mpya, na haikufika dakika ishirini geji ilikuwa chini ya 500. Tangu hapo, oili ikipauka tu naibadilisha.

Hatua ya 2: pima uvujaji kwa naitrojeni kavu, kwa mgandamizo ulioandikwa na mtengenezaji. Usitumie oksijeni kamwe. Ikikutana na oili inalipuka.

Hatua ya 3: unga pampu na AC kwa mpira mnene na mfupi. Toa na kile kijiti cha ndani ya vali, kinachofanana na cha tairi, kwa kifaa chake. Mpira mwembamba wenye kijiti unaweza kukuongezea muda mara kadhaa. Vali za mashine ya nje ziache zimefungwa.

Hatua ya 4: washa. Kama pampu ina kitundu cha kuingizia hewa kidogo, kifungue dakika za mwanzo. Hewa hiyo inausaidia mvuke kutoka bila kugeuka maji ndani ya oili. Kisha kifunge. Geji ya mikroni iweke upande wa AC, mbali na pampu. Usiamini mshale wa geji ya bluu (ile ya kawaida ya upande wa mgandamizo mdogo): ukishafika -30 (inchi za zebaki) hauwezi kukutofautishia mikroni 500 na 5,000.

Hatua ya 5: ikifika 500, funga vali iliyo kati ya pampu na AC, zima pampu, subiri dakika kumi. Ikipanda bila kusimama, pana tundu. Ikipanda hadi 1,500 hivi ikatulia, bado kuna unyevu: ingiza naitrojeni kidogo, itoe, uvute upya.

Hatua ya 6: fungua vali za mashine ya nje taratibu gesi iingie, ndipo ung'oe mpira. Na usiiwashe kompresa ya AC ikiwa bado ndani ya vakyumu. Umeme unaweza kuruka kati ya waya za mota, na mota ikaungua.