Jinsi ya kuitambua manowari ya Marekani kwa jina tu

Wenzangu wa chemsha bongo za jioni pale Mwanjelwa, swali la manowari za Marekani lisiwatishe. Ukisikia jina jiulize kwanza, hili ni jimbo, mji, samaki au mtu? Zile kubwa za zamani za mizinga zilipewa majimbo, kama Arizona iliyozama Pearl Harbor, kambi ya majini ya Marekani kule Hawaii, Wajapani walipoishambulia tarehe 7 Desemba 1941 (ila Kearsarge ni jina la mlima, hapo ndo wengi wanakosea). Nyambizi za enzi hizo nyingi samaki, baadaye ikaja miji.

Jina la mtu mara nyingi ni distroya (manowari ya kasi, ndogo kuliko zile za mizinga), na usikariri jina tupu, tafuta stori yake maana ndo inakaa kichwani. Distroya The Sullivans imepewa jina la ndugu watano wa tumbo moja, wote walikufa na meli ya Juneau mwaka 1942, inauma jamani. Halafu kuna Doris Miller, kijana mweusi mhudumu wa mesi, siku ile ya Pearl Harbor akashika rashasha ambayo hajawahi kufundishwa akawa anazifyatulia ndege za Wajapani, na 2020 wakatangaza jina lake linapewa meli kubwa ya kubeba ndege, namba yake CVN-81. Hiyo N mwishoni mwa herufi ni nyuklia, yaani inaendeshwa kwa nguvu za nyuklia, ikariri kabisa.