Watoto 63 na marimba moja: ninavyopanga muziki shuleni

Siku ya kwanza nilikwenda na marimba moja. Nilikuwa nimeinunua kwa mzee mmoja upande wa Bahi, hapa Dodoma: kasanduku kazuri kenye vyuma vilivyopondwa kwa nyundo, na tundu lililozibwa kwa utando wa buibui ili sauti iwe na mkwaruzo. Watoto walikuwa 63, tumekaa chini ya mwarobaini nyuma ya bwalo. Nikampa wa kwanza apige, wengine nikawaambia wasubiri zamu. Alipofikiwa wa tano, kule nyuma mpira wa makaratasi ulishaanza na wavulana wawili walikuwa wameshikana mashati.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati. Klabu ya muziki nilikabidhiwa kwa sababu kuna mtu aliniona nikipiga gitaa kanisani. Jioni ile ndipo nikapiga hesabu niliyopaswa kuipiga asubuhi: kipindi ni dakika 40, ukigawa kwa watoto 63 kila mmoja anapata sekunde 38, na hapo hujatoa muda wa kunyang'anyana. Basi kama nawe umetwishwa kundi, anzia hapo. Andika idadi yao, halafu andika kila mmoja atakuwa anafanya nini ikifika dakika ya kumi. Ukikuta ishirini hawana kazi, badilisha mpango kwanza. Habari za ala zije baadaye.

Huku Ugogoni tuna bahati, maana wimbo wenyewe umeshagawa kazi. Kuna anayeanzisha, kuna wanaoitikia, kuna makofi, kayamba, ngoma, wachezaji wenye njuga miguuni. Kwa kundi la watoto 60 mimi hugawa hivi: ngoma wanne, kayamba wanane, zeze na marimba watatu, wachezaji kumi na sita. Waliobaki, kama thelathini hivi, ni waitikiaji na wapiga makofi. Kila baada ya wiki mbili wanabadilishana, isipokuwa wale wa zeze na marimba, kwa sababu ala hizo hazizoeleki kwa wiki mbili.

Sasa fundi wa kuwafundisha. Usianze kuhangaika mjini. Wasimamishe watoto uwaulize: nani bibi yake au babu yake anaimba, anapiga zeze, ana ngoma nyumbani? Kwangu mikono saba iliinuka papo hapo, na mimi nilikuwa nimeshazunguka wiki nzima nikiuliza watu Majengo na Sabasaba. Mmoja alikuwa binti wa kidato cha pili, bibi yake anaishi upande wa Mvumi.

Nilikwenda Jumamosi kwa bodaboda na sukari kilo mbili. Mimi ni Muha, Kigogo changu kinaishia kwenye "mbukwenyi", lakini hiyo moja ilitosha kunifungulia mlango. Mengine tukamalizia kwa shikamoo na marahaba. Kaa, kunywa ulichopewa, usitoe daftari mapema. Mazungumzo yakishapoa, uliza mambo matatu. La kwanza: nyimbo zipi zinafaa watoto wa shule? Muheme, ngoma ya Wagogo, una mizizi yake kwenye mambo ya kuwafunda mabinti, na kuna nyimbo ambazo wenyewe hawataki ziimbwe jukwaani mbele ya kila mtu. Mwache yeye achague. La pili: lini ana nafasi? Kuanzia Desemba mvua zikianza yuko shambani kwa uwele na mtama, na hapo humpati mpaka mavuno yapite. La tatu ni malipo, nalo mlimalize siku hiyo, mtu wa tatu akisikia.

Mimi nilikubaliana naye shilingi 20,000 kwa siku pamoja na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na namlipa jioni ileile, mkononi. Nimeng'ang'ania utaratibu huu kwa sababu mwaka uliotangulia nilimpa kijana mmoja wa kinanda pesa ya miezi miwili kwa mkupuo. Akaja mara moja. Baada ya hapo simu ikawa haipatikani, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya bodi kueleza zilikokwenda fedha. Usichangishe wazazi hata senti tano kabla mkuu wa shule na bodi hawajaridhia kwa maandishi.

Bibi alipokuja, nilikuwa nimejipanga. Ngoma nne nimewapa wavulana wanne, wale wenye mabega. Alisimama akawatazama, akaanza kucheka mpaka akashika nguzo ya bwalo.

"Mwalimu, muheme huu wavulana wanaupiga tangu lini?"

Ngoma za muheme ni za wanawake. Mpigaji anasimama, anaibana ngoma mapajani, na ndiye anayeongoza mchezo. Mimi nimeishi Dodoma miaka sita, nimeziona sherehe kadhaa, na sikuwahi kuliwekea maanani jambo hilo. Wavulana wakavua ngoma, mabinti wakavaa, na ule uso wa binti aliyekabidhiwa ngoma kubwa ningependa ungeuona.

Kisha makofi. Kulikuwa na mvulana mmoja, mikono yake inachelewa kila mara, kama mtu anayepiga makofi ya pongezi baada ya hotuba kwisha. Mimi ningemwambia ahesabu moja, mbili, tatu. Bibi hakumwambia kitu. Alikwenda nyuma yake, akamshika viganja vyote viwili, akaanza kumpigisha makofi huku yeye mwenyewe anaendelea kuimba juu ya kichwa chake. Akamwachia. Mikono ikaenda yenyewe mara tatu, ikapotea. Akamshika tena. Ilichukua dakika kumi nzima, na muda wote huo wenzake wanaitikia bila kukatisha, kwa hiyo hakuna aliyegeuka kumcheka. Tangu hapo nimeacha kuandika mapigo ubaoni siku ya kwanza. Wiki ya kwanza ni kusikia, kuitikia na kupiga makofi tu. Ala zinaingia wiki ya pili, na wakati huo nusu ya kazi imeshafanyika.

Kuhusu ala zenyewe. Usisubiri ngoma za ngozi ndipo uanze; ndoo za lita 20 zikigeuzwa zinatosha kwa mazoezi, na chupa za maji zikitiwa mtama kidogo zinashika nafasi ya kayamba. Ngoma za ngozi zikija, ujue hali ya hewa yetu. Masika ngozi inalegea na ngoma inalia kama godoro. Washa moto wa nyasi kavu, ielekeze ngozi kwenye joto huku ukiigonga kwa vidole mpaka isikike imekaza. Kiangazi tatizo linageuka: ukiiacha juani mchana kutwa inapasuka. Zeze linataka ulimbo kwenye upinde, la sivyo halitoi sauti, na mtoto atadhani kosa ni lake.

Jambo moja litakusumbua kama unatoka kwenye kwaya kama mimi: usijaribu kuyalinganisha marimba ya Kigogo na kinanda. Nilipoteza Jumapili nzima kwa kazi hiyo. Sauti za Kigogo zinafuata ngazi yake, na ipo sauti moja hasa ambayo ukiitafuta kwenye kinanda huioni, iko chini kidogo ya kibonye ulichobonyeza. Wasikilizishe watoto rekodi za Hukwe Zawose, mtu wa huku huku Dodoma aliyefundisha chuo cha sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003. Wamsikie anavyoimba juu ya marimba, watakuelewa kuliko ukieleza kwa chaki.

Kwaya sitaikalia, karibu kila mtaa una mtu anayejua kufundisha sauti nne kwa solfa. Niongeze hili tu: mvulana anayevunja sauti usimlazimishe kuimba sauti ya tenor wala besi, mpe kayamba mpaka koo litulie.

Kuhusu ratiba, zungumza na mwalimu wa taaluma kabla hujamwambia mtoto yeyote. Sisi tunakutana Jumanne na Alhamisi saa tisa alasiri. Ijumaa niliiacha kwa ajili ya swala, na mwezi wa Ramadhani tunapunguza kucheza, tunabaki na kuimba tukiwa tumekaa. Mitihani ikikaribia tunasimama kabisa. Mahali pa mazoezi pawe mbali na madarasa. Mwaka wa kwanza tulikuwa karibu na kidato cha nne, na jirani yangu wa Kemia alikuwa na haki ya kukasirika. Halafu kuna upepo. Kuanzia Julai vumbi la Dodoma la alasiri linaingia kooni, basi wapange waimbaji wakiupa upepo mgongo, na dumu la maji liwe karibu.

Wakishaiva watafutie pa kwenda, maana kundi lisilokuwa na siku ya kuonekana hulegea. Siku ya wazazi inatosha kwa kuanzia. Kuna mashindano ya michezo ya shule, msingi wana UMITASHUMTA na sekondari UMISSETA, ambako ukiacha mpira kuna fani za ndani, yaani kwaya na ngoma. Na kuna Tamasha la Muziki wa Cigogo kule Chamwino, kwa kawaida mwezi wa Julai, ambako vikundi vya vijijini hukutana. Wapeleke hata kama ni kutazama tu. Kwa safari yoyote nataka vitu vinne mkononi kabla gari halijawashwa: kibali cha mkuu wa shule, barua za wazazi zilizotiwa saini, majina ya watoto nakala mbili, na mtu mzima mmoja kwa kila watoto kumi na tano, akiwemo mwalimu wa kike. Ngoma zipakiwe ndani, zisifungwe juu ya gari. Mvua ya dakika tano ilinifundisha hilo tukiwa barabara ya Morogoro.

Mwisho ni stoo. Nilifunga ngoma mbili Desemba zikiwa nzima. Januari nikakuta panya wamekula ngozi ya moja kuzunguka ukingo wote, kwa ustadi, kama waliokata kwa mkasi. Sasa ngoma zinaning'inia kwenye kenchi kwa waya, na mlangoni kuna daftari lenye safu tatu: ala, aliyeichukua, siku iliyorudi. Ile marimba ya Bahi bado ipo. Imepungukiwa chuma kimoja, na Jumamosi nikipata usafiri nitampelekea mzee wake.