Kutazama kimbunga, gharika na moto kwa setilaiti ukiwa na simu tu: tunavyofanya Mikindani

Tarehe 25 Aprili 2019 tulizivuta boti zote juu mpaka kwenye minazi. Kimbunga Kenneth kilikuwa njiani, shule zilikuwa zimefungwa, na watu wa mabondeni walikuwa wameambiwa wahame. Nahodha mmoja mzee akaniuliza, "Katibu, mwanangu, hicho kimbunga sasa hivi kiko wapi?" Simu ilikuwa mkononi mwangu na picha ya setilaiti imefunguka, lakini jibu sikuwa nalo. Niliona duara jeupe juu ya bahari. Sikujua liko umbali gani, linakwenda upande gani, wala picha yenyewe ilipigwa saa ngapi. Jioni ile Kenneth kiliingia nchi kavu Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, kwa upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Kimbunga kilitupita, ila swali la mzee likabaki nami, ndipo nikaanza kujifunza.

Haya nawaandikia makatibu wenzangu wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za bahari), walimu, watendaji wa vijiji na yeyote mwenye simu janja na bando dogo, kuanzia Kilwa mpaka Msimbati.

Saa kwanza

Tovuti nyingi za setilaiti huandika saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Kwa sisi tunaohesabu saa Kiswahili kuna njia ya mkato: toa tatu. Picha iliyoandikwa 09:00 ni ya saa sita mchana. Ya 12:00 ni ya saa tisa alasiri. Jibu likizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena: 18:00 inakuwa kumi na tano, yaani saa tatu usiku. Namba ikiwa tatu au chini yake, iongeze kumi na mbili kwanza, ndipo utoe tatu. Fanya hivi kabla hujaitazama picha yenyewe, kwa sababu picha ya asubuhi ikisomwa jioni kama ya sasa inaweza kumpeleka mtu baharini.

Kimbunga: weka penseli kwenye daftari

Kwa mawingu tunatumia Meteosat, setilaiti za Ulaya zinazokaa kilomita 36,000 juu ya ikweta. Zinazunguka sambamba na dunia, kwa hiyo kila moja hutazama eneo lilelile usiku na mchana. Moja iko juu ya Bahari ya Hindi na hutuma picha kila dakika 15. Utaipata kwenye tovuti ya EUMETSAT, shirika la Ulaya la setilaiti za hali ya hewa, au ufungue tovuti ya Zoom Earth, ambayo ni nyepesi zaidi kwa simu.

Tafuta Mtwara mjini: latitudo 10.3 kusini, longitudo 40.2 mashariki. Kila digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, na kwa huku kwetu longitudo nayo iko karibu hapohapo. Sasa hesabu digrii kutoka Mtwara hadi katikati ya duara la mawingu. Andika. Rudisha picha nyuma saa sita, tafuta tena katikati, andika. Ikiwa katikati imesogea digrii moja kwa saa sita, kimbunga kinakwenda kama kilomita 18 kwa saa, na mstari unaounganisha alama zako mbili ndio unaoonyesha kimetoka wapi na kimeelekea wapi. Picha moja isingenisaidia siku ile ya Kenneth hata ningeikodolea macho mchana kutwa. Picha mbili zingenitosha.

Usiku setilaiti hupima joto la vilele vya mawingu. Jeupe kabisa ni wingu lililopanda juu sana, kwenye baridi kali, na mara nyingi huko ndiko mvua kubwa iliko. La kijivu liko chini. Ukiona tundu safi la mviringo katikati, hilo ni jicho, na kimbunga chenye jicho wazi kina nguvu nyingi.

Kisha uliza: kinapita kusini yetu au kaskazini yetu? Hapa ndipo nawasihi wavuvi wasikilize. Upande wetu wa dunia vimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kikipita kusini yetu, kama Kenneth, upepo unatoka bara kwenda baharini, na boti iliyozimika mashine inasukumwa mbali na nchi. Kikipita kaskazini yetu, kama Hidaya kilichofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, upepo unatoka baharini na kulundika mawimbi na mvua pwani. Na ukiwa baharini bila mtandao, upe upepo mgongo: kimbunga kiko upande wa mkono wako wa kulia. Manahodha wetu wote sasa wanalijua hili, nami nimelirudia vikaoni mpaka sauti imekauka.

Picha inakuonyesha kilichopo. Ya kesho inasema Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, pamoja na kituo cha vimbunga cha Réunion kinachofuatilia kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. TMA wakisema msitoke, hatutoki, hata kama anga kwenye simu ni jeusi tupu bila wingu. Kuna wanaosema mbona Jobo, Aprili 2021, kilinyong'onyea kabla ya kufika. Ndiyo, kilinyong'onyea. Lakini Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi, na setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa ilirushwa mwaka 1960. Wazee wale walikuwa na mbingu na bahari tu za kuwaambia. Sisi tuna onyo la siku kadhaa, na mimi sitaki tulipoteze kwa ubishi wa kijiweni.

Gharika: tazama palipokuwa pakavu

Hidaya ilipokata barabara kule Somanga na magari ya Dar kukwama, watu walitafuta picha za kawaida za setilaiti wakaona mawingu matupu. Ndivyo ilivyo: siku ya mafuriko ndiyo siku ya mawingu. Unahitaji rada, na hiyo ni Sentinel-1, setilaiti ya Ulaya. Inatuma mawimbi yake yenyewe chini na kusikiliza yanayorudi, kwa hiyo wingu na giza si kizuizi. Machi 2019, kimbunga Idai kilipoizamisha nchi iliyo nyuma ya Beira, Msumbiji, picha za aina hii ndizo zilizoonyesha bahari mpya iliyotokea bara.

Fungua Copernicus Browser, tovuti ya picha za setilaiti za Ulaya, ni bure. Chagua Sentinel-1, chagua VV (aina mojawapo ya mawimbi ya rada), chagua tarehe. Maji yaliyotulia ni kama kioo: yanarusha mawimbi upande mwingine, hayarudi, kwa hiyo yanaonekana meusi. Nchi kavu yenye miti na nyumba ni ya kijivu hadi nyeupe. Chukua picha ya kabla ya mvua na ya baada, ziweke pamoja. Palipokuwa kijivu pakawa peusi, pamefurika. Setilaiti moja ya aina hii hurudi njia ileile baada ya siku 12, mbili zikiwa kazini siku 6, basi usishangae picha ikikosekana siku unayoihitaji.

Weusi una hila zake, na kwetu ni nyingi. Mashamba ya chumvi yanatokea meusi mwaka mzima. Mchanga mpana mkavu na kiwanja cha ndege pia. Mikoko iliyozama hufanya kinyume: mawimbi yanagonga maji, yanagonga shina, yanarudi kwa nguvu, na mahali pale panang'aa. Na kubwa kuliko yote ni bamvua. Hapa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku za bamvua. Picha ya kwanza ikipigwa maji yamekupwa na ya pili yamejaa, utaona "gharika" pwani nzima, na ni bahari imerudi nyumbani kwake. Shika kalenda ya mwezi na ratiba ya maji kila unapolinganisha. Mtaalamu aliye mbali anaweza kulisahau hili, lakini mchokoa pweza hatalisahau.

Mawingu yakiondoka, hamia Sentinel-2. Hii ni picha ya kawaida, inaona kitu cha mita 10, na zikiwa mbili hupita kila siku 5. Utaona barabara iliyokatika na tope linavyoingia baharini.

Moto wa kiangazi

Kuanzia Julai watu wanasafisha mashamba ya korosho, na moto wa jirani hauulizi mpaka. Fungua FIRMS, tovuti ya moto ya NASA, shirika la anga la Marekani. Vidoti vyekundu ni sehemu zilizoonekana na joto la ajabu. Kila kidoti cha VIIRS, kifaa cha kupima joto kilichomo kwenye baadhi ya setilaiti za moto, kinasimamia eneo la kama mita 375, kwa hiyo usimtaje mtu wala shamba kwa kidoti kimoja. Setilaiti hizo hupita karibu saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Moto uliowashwa saa kumi jioni na kuzimwa magharibi hautauona.

Tetemeko na tsunami sitaviweka hapa. Hakuna setilaiti inayokutabiria tetemeko. Ukihisi ardhi inatikisika sana au bahari inakimbia nyuma ghafla, acha simu, panda juu.

Folda ya "kabla"

Kila mwezi, siku ya anga safi, nahifadhi picha moja ya Sentinel-2 ya Mikindani, ya ghuba ya Lindi na ya mdomo wa Ruvuma, nikiandika tarehe, saa ya Kiswahili na hali ya maji: bamvua au maji mafu. Ya rada naihifadhi kila inapopita. Mvua za Novemba zikianza, folda inakwenda kwa mtendaji na kwa mwalimu wa jiografia, kila mmoja na nakala yake, kwa sababu simu yangu nayo inaweza kulowa.